SUFURIA NA TANGI LA LORI

Ndugu msomaji, bila shaka hujausahau mwaka 2022. Ulikwenda katika duka la mtaani kwako kununua mafuta ya kula kama ulivyozoea, ama kwa chupa, ama kwa kupimiwa, na mwenye duka akakutajia bei iliyokufanya umwulize mara ya pili ukidhani amekosea. Hakukosea. Baada ya siku chache aliipandisha tena. Nyumbani watu wakaacha kukaanga, wakaanza kuchemsha. Mama lishe wa karibu na kiwanda akawaambia wateja wake kwamba andazi ni lile lile, ila limepungua unene.

Wengi tulimlaumu mwenye duka. Yawezekana wako waliostahili lawama, maana mlanguzi hakosekani penye shida. Walakini bei ile haikuzaliwa mtaani kwetu. Ilizaliwa mbali, na baadhi ya wazazi wake walikuwa sheria zilizotungwa kwa nia njema ya kuiokoa dunia na joto. Jambo hilo yafaa tulielewe sasa, wakati tumetulia, kwa sababu litarudi.

MAFUTA YALIKOTOKA

Tanzania haijaweza kutosheleza mahitaji yake ya mafuta ya kula. Sehemu kubwa ya upungufu huo huzibwa kwa mawese yatokayo Indonesia na Malaysia. Mchikichi ni mti wa Afrika, na watu wa Kigoma wanaujua tangu enzi za mababu zao. Mwaka 1848 miche minne ya mti huo ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kutokana na uzao wake yakaenea mashamba makubwa ya Asia. Leo Indonesia peke yake hutoa zaidi ya nusu ya mawese yote ya dunia, nasi wenye asili ya mti huo tunayanunua kwao.

Mwaka 2021 ukame uliharibu mazao ya mbegu za mafuta nchini Kanada, na mashamba ya Malaysia yalikosa vibarua kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwezi Februari 2022 vita vikaikumba Ukraine, nchi iliyokuwa ikiuza karibu nusu ya mafuta ya alizeti yote yauzwayo katika soko la dunia. Mwezi Machi mwaka huo, kipimo cha bei za vyakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kianze mwaka 1990. Kisha tarehe 28 Aprili Indonesia ikafunga milango na kuzuia mawese yasitoke, na haikuifungua hadi tarehe 23 Mei.

La kustaajabisha ni kwamba katika miezi ile akina mama wa Indonesia yenyewe, nchi yenye mawese kuliko zote, walikuwa wakipanga foleni kutafuta mafuta ya kupikia. Mafuta yalikuwa yamekwenda wapi? Mengine yaliuzwa nje kwa bei nono. Lakini fungu kubwa lilikuwa limekwisha kuahidiwa mnunuzi mwingine asiyepanga foleni, naye ni lori.

SHERIA ISIYOJUA NJAA

Tangu Januari 2020 sheria ya Indonesia iliagiza kwamba dizeli yote ichanganywe na mafuta ya mawese kwa asilimia 30. Mwaka 2023 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 35, na mwaka 2025 hadi 40. Nia yake ni kupunguza dizeli inayonunuliwa nje, kuwapatia wakulima soko la hakika, na kupunguza hewa chafu iletayo joto duniani. Nia hizo si mbaya. Ubaya umo katika namna agizo linavyofanya kazi mavuno yanapopungua.

Tutazame kwanza tabia ya bei ya chakula. Kitenge kikipanda bei, utangoja mwezi ujao, na mwenye duka akiona hakuna anunuaye atashusha. Tumbo halingoji mwezi ujao. Chakula kikipungua kidogo, kila mmoja hushindana kupata kile kile alichokula jana, kwa hiyo upungufu wa sehemu moja katika ishirini waweza kupandisha bei mara nyingi zaidi ya hapo. Bei huacha kupanda pale tu mtu fulani anapolazimika kupunguza chakula chake, na mtu huyo ni yule mwenye mfuko mwepesi.

Sasa, ikiwa mmoja wa wanunuzi ni tangi la lori, na sheria imesema tangi hilo lazima lipate fungu lake mvua ikinyesha au isinyeshe, basi upungufu wote huangukia upande wa sufuria. Ni kama nyumba ambamo mgeni mmoja amehakikishiwa sahani iliyojaa kila siku. Siku chakula kinapopungua, mgeni hatapunguziwa. Watakaopunguziwa ni watoto.

GUNIA LA MAHINDI NA GARI DOGO

Indonesia si ya kwanza katika njia hiyo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2005 na kuikuza Desemba 2007, ikiwataka wauzaji wa petroli kuchanganya ndani yake kileo kiitwacho ethanoli. Ethanoli ya mahindi iliwekewa nafasi ya hadi galoni bilioni 15 kwa mwaka, ambazo ni lita bilioni 57 hivi. Kwa miaka mingi sasa karibu asilimia 40 ya mahindi ya nchi hiyo huingia katika viwanda vya ethanoli, ingawa yapata theluthi moja ya uzito wake hurudi kama chakula cha mifugo.

Chukua gunia moja la mahindi la kilo 100. Kiwandani hutoa ethanoli ya lita 40 hivi. Kwa kuwa nguvu ya ethanoli ni kama theluthi mbili ya nguvu ya petroli, lita hizo ni sawa na lita 27 za petroli, yaani tangi la gari dogo, tena halijajaa. Gunia hilo hilo likisagwa dona, familia ya watu sita inayotumia kilo mbili kwa siku itakula siku 50.

Ni kweli kwamba mahindi ya Marekani mengi ni ya manjano, ya kulisha mifugo, wala si haya meupe ya ugali wetu. Bei ya sembe mjini Dar es Salaam hutegemea zaidi mvua za Mbeya, Rukwa na Ruvuma, nauli ya malori, na mahitaji ya majirani zetu. Lakini shamba moja halizai mazao mawili kwa wakati mmoja. Mkulima wa Marekani akipanda mahindi ya kiwanda, ngano na soya hupungua, na ngano ndiyo mkate na chapati yetu, ambayo kwa sehemu kubwa sana tunaiagiza kutoka nje.

Dunia imekwisha kuyaonja haya. Mwezi Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana katika Jiji la Mexico kwa sababu ya bei ya chapati za mahindi. Aprili 2008 ghasia za njaa nchini Haiti zilimwondoa madarakani Waziri Mkuu Jacques-Édouard Alexis. Mwaka huo mchumi wa Benki ya Dunia, Donald Mitchell, aliandika kwamba asilimia 70 hadi 75 ya kupanda kwa bei za vyakula tangu mwaka 2002 ilitokana na nishati ya mimea pamoja na yaliyofuatana nayo, yaani kupungua kwa akiba, kubadilishwa kwa mashamba, ulanguzi na kufungwa kwa mipaka. Wachumi wengine walitaja kiasi kidogo kuliko hicho, na ubishi ungalipo. Walakini ni wachache wanaokana kabisa kwamba tangi lilichangia.

Mwaka 2012 ukame mkali ulichoma mashamba ya Marekani. Mkuu wa FAO, José Graziano da Silva, aliomba sheria ile ilegezwe kwa muda ili mahindi yaende kwenye chakula. Mwezi Novemba serikali ya Marekani ikakataa. Mvua ilikuwa imebadilika, agizo halikubadilika.

JE, DUNIA IMEPOA?

Mtu aweza kusema: tuvumilie, maana tukishindwa kuzuia mabadiliko ya tabianchi tutapata hasara kubwa zaidi. Hoja hiyo ina uzito, nasi wa Afrika Mashariki tunaujua. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba katika Somalia, kusini mwa Ethiopia na sehemu kubwa za Kenya, mifugo ikafa kwa mamilioni. Ukame wa namna hiyo ni mwizi wa chakula kuliko sheria yoyote. Anayetaka tukae bila kufanya lolote hatutakii mema.

Lakini swali ni moja: je, njia hii imeipoza dunia? Mwaka 2008 mtafiti Timothy Searchinger na wenzake walionyesha kwamba chakula kikitiwa katika tangi, mahali pengine msitu hukatwa ili kupata shamba jipya, na moshi wa msitu huo hufuta faida iliyokusudiwa. Mwaka 2022 Tyler Lark na wenzake walikadiria kwamba sheria ya Marekani ilikuwa imepandisha bei ya mahindi kwa asilimia 30, na kwamba hewa chafu ya ethanoli ya mahindi haipungui ile ya petroli, na huenda ikaizidi kwa asilimia 24. Wenye viwanda walipinga hesabu hizo. Hata hivyo Jumuiya ya Ulaya, iliyokuwa imeagiza mwaka 2009 kwamba asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe ya kujirudisha ifikapo 2020, ilirudi nyuma mwaka 2015 na kuweka ukomo wa asilimia 7 kwa mafuta yatokanayo na mazao ya chakula.

Nasi tulipata funzo letu. Wilayani Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji zilitolewa kwa mradi wa kigeni wa kupanda mbono ili kupata dizeli. Mwaka 2011 mradi huo ulisimama. Mbono hauliwi, lakini udongo unaouotesha ni ule ule unaootesha muhogo.

Basi tusichanganye mambo. Umeme wa jua na wa upepo haunyang'anyi punje kutoka katika kinu. Mwalimu wa hesabu angesema hivi: sera nzuri ya tabianchi ni ile inayopunguza moshi bila kupunguza sahani, na ikiwa lazima mafuta ya mimea yatumike, basi sheria iseme wazi kwamba mwaka wa ukame tangi litangoja na sufuria itatangulia.

MILANGO IKIFUNGWA

Kuna kosa jingine ambalo mataifa hulifanya kwa hofu. Mwezi Agosti 2010, baada ya joto na ukame, Urusi ilizuia ngano yake isitoke. Mwanzoni mwa Septemba bei ya mkate ilipopandishwa mjini Maputo, watu waliingia mitaani na wasiopungua 10 wakafa, hata serikali ikaifuta bei mpya. Mwezi Oktoba 2007, na tena Julai 2023, India ilizuia mchele wake. Wachumi Will Martin na Kym Anderson walikadiria kwamba asilimia 45 ya kupanda kwa bei ya mchele kati ya 2006 na 2008 ilitokana na nchi kujikinga kwa njia kama hizo. Kila anayefunga mlango hujiona mwerevu, lakini wote wakifunga, bei hupanda kwa wote. Nasi tumewahi kufunga: mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kutoka nchini, na mkulima wa Nyanda za Juu ndiye aliyebaki na magunia akitafuta mnunuzi. Mkulima aliyeumia mwaka huu hupunguza shamba mwaka ujao, na hapo mtu wa mjini hulipa.

YALIYO MIKONONI MWETU

Taifa lina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008. Ghala lililojaa ndilo ngao ya kwanza, maana hununua wakati wa wingi na kutoa wakati wa uhaba. Kuna alizeti ya Singida na Dodoma, na michikichi ya Kigoma. Kila pipa linalokamuliwa nchini ni pipa lisilongoja ruhusa ya Jakarta.

Na nyumbani je? Tufanye hesabu. Ikiwa nyumba yako hutumia kilo 60 za unga kwa mwezi, na kilo moja ikipanda kwa shilingi 500, umepoteza shilingi 30,000 bila kuonja chochote cha ziada. Fedha hiyo itatoka katika maharage, maziwa ya mtoto au nauli ya shule. Mahindi ya Nyanda za Juu huwa rahisi kati ya Juni na Agosti, na aghalabu huwa ghali kuanzia Desemba hadi Machi. Majirani watano au wafanyakazi wa idara moja wakichangishana na kununua magunia mwezi Julai, watakuwa wamejipandishia mishahara wenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakumjua dumuzi, mdudu aliyejulikana nchini kuanzia mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Kausheni mahindi sawasawa, yatieni katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na msifungue bila sababu. Wala tusiidharau mihogo, mtama na viazi vitamu. Nyumba inayojua kula vyakula vinne haitishwi na bei ya kimoja.

Ndugu msomaji, siku mafuta yatakapopanda tena, muulize mwenye duka kwa nini, lakini usiishie kwake. Waulize pia wanaokwenda katika mikutano ya dunia kuzungumzia tabianchi kwa niaba yetu: wamesema nini kuhusu sufuria? Sisi tusio na gari tumechangia kidogo mno katika kuichafua hewa. Si haki tukilipishwa mara mbili, kwanza kwa ukame shambani, kisha kwa dawa ya ukame jikoni.