Barua ya tapeli: ukishacheka, mwonye mwenzako

Kati ya barua pepe za kitapeli zilizopata kuzunguka duniani, ile ya mwanaanga wa Nigeria haina mfano. Aliyeiandika alidai kuwa binamu yake, meja wa jeshi la anga, alipelekwa na Wasovieti mwaka 1989 kwenye kituo cha siri huko angani. Kisha Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Wenzake wakarudishwa duniani. Yeye akabaki, eti kwa sababu nafasi yake kwenye chombo ilijazwa mizigo. Barua inatuhakikishia kuwa meja ni mchangamfu, ila anatamani kurudi nyumbani.

Mshahara wake, inasema, umelimbikizana hadi karibu dola milioni 15. Binamu huyo na wenzake kazini wanaomba akaunti yako izipokee, maana wao ni watumishi wa umma na kanuni za kazi zinawakataza kuwa na akaunti nje ya nchi. Mwizi anaogopa kuvunja kanuni za utumishi!

Kituo hicho hakijawahi kuwapo. Lakini vituko vya aina hii vilienea mno hata mwaka 2005 waandaaji wa Ig Nobel, tuzo zinazotolewa kwa mambo yanayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, wakawapa waandishi wa barua hizo za Nigeria tuzo ya fasihi.

Hapo ndipo penye la kufikiria. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza kwa nini matapeli hawaachi hadithi ambazo kila mtu anazijua. Kutuma barua milioni moja hakugharimu kitu. Kinachogharimu ni kumbembeleza kila anayejibu, siku baada ya siku, mpaka atoe fedha. Kwa hiyo kichekesho kinafanya kazi ya chekeche: mwenye shaka anacheka na kufuta, anayebaki ni yule aliye tayari kuamini. Tapeli hapotezi muda na mtu atakayeshtuka njiani.

Hapa Tanzania tunao ujumbe wetu wa simu: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Wengi tunaucheka, kwa kuwa hatudaiwi wala hatukuahidi kumtumia mtu chochote. Lakini ukimfikia mama aliyeahidi kutuma ada ya mwanawe asubuhi ileile, haumchekeshi hata kidogo. Anaona ni mwendelezo wa mazungumzo yake, anatuma, na ada imekwenda.

Kwa hiyo kicheko chetu hakimuumizi tapeli. Kinachomuumiza ni taarifa. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, usiufute kimya kimya. Msomee baba, shangazi na jirani, uwaeleze mtego uko wapi, kisha utume namba ya tapeli kwenda 15040. Na kabla ya kutuma hela kwenye namba ngeni, mpigie mwenyewe kwa namba yake unayoijua, usikie sauti yake.