Kilichomo ndani ya kahawa ya uyoga

Kipakiti kinachanwa kwa meno, unga wa kahawia unamwagwa kikombeni, maji ya moto yanafuata. Harufu ni ya kahawa tu, utamu umezidi kidogo, na mwishoni unabaki uchungu wa mbali kooni. Uchungu huo, atakwambia anayeuza, ndiyo dawa yenyewe: uyoga wa reishi, unaotibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uchovu na, mteja akionekana kusitasita, upungufu wa nguvu za kiume. Boksi moja halimalizi mwezi, na bei yake si ya mchezo.

Uyoga wenyewe si hadithi ya kubuni. Wachina huuita lingzhi, na umetajwa katika Shennong Bencao Jing, kitabu cha dawa kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita. Huota kwenye magogo na visiki, mgumu kama ubao, mgongo wake unang'aa kana kwamba umepakwa vanishi. Hauliwi, hata ukishinda jikoni kutwa nzima hautalainika. Wanaoujua huukata vipande vyembamba, wakavichemsha polepole kwa muda mrefu, wakanywa maji yake machungu na kutupa makapi.

Kuchemsha huko kuna sababu. Kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kamba na la mende, na tumbo la binadamu haliimudu vizuri. Maji ya moto huzivunja kuta hizo na kutoa sukari ndefu ziitwazo beta-glukani, ambazo huamsha baadhi ya chembe za kinga mwilini. Hizo ndizo wanasayansi wamezifuatilia kwa zaidi ya nusu karne, Wajapani wakiwa mbele. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake walitangaza kwamba dutu ya lentinani, waliyoitoa kwenye uyoga wa shiitake, ilipunguza uvimbe wa saratani kwa panya. Mwaka 1985 Japani iliiidhinisha itumike kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Kabla yake, mwaka 1977, ilikuwa imeidhinisha dawa iitwayo Krestin, iliyotokana na uyoga uitwao kawaratake.

Ila tazama lentinani ilivyotolewa: kwa sindano, kwa kipimo maalumu, mbele ya daktari, tena pamoja na dawa za saratani na si badala yake. Kutoka hapo hadi kwenye kipakiti cha kahawa ni safari ndefu, na muuzaji huivuka kwa sentensi moja.

Reishi nao umepimwa kwa watu. Mwaka 2015 taasisi ya Cochrane, inayochambua majaribio ya tiba, ilipitia majaribio 5 yenye washiriki 398, wengi wao wakiwa na kisukari aina ya pili. Haikupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa kushusha sukari, presha wala mafuta ya damu. Uyoga unaouzwa kwa jina la Lion's Mane, mweupe wenye nywele kama ndevu za mzee, una habari njema kidogo. Katika jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 2009, watu wapatao 30 wenye umri wa miaka 50 hadi 80, walioanza kupungukiwa na kumbukumbu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza takriban gramu 3 za unga wake kila siku kwa wiki 16, na likafanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Wiki 4 baada ya kuacha, alama zao zilishuka. Ni dalili ya kutia moyo, lakini watu 30 hawajazi hata daladala mbili.

Halafu kuna swali la kilichomo kweli. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa bidhaa 19 za reishi zilizonunuliwa Marekani; ni 5 tu zilizolingana na lebo zake. Mkulima yeyote wa uyoga anaweza kueleza njia mojawapo ya kumpiga mnunuzi. Mbegu za uyoga hukuzwa kwenye nafaka, mtama au ngano, hadi punje zote zifunikwe na nyuzi nyeupe. Ukivikausha na kuvisaga vyote pamoja unapata unga mwingi kwa gharama ndogo, ila sehemu kubwa yake ni wanga wa nafaka. Mwenye mashaka na unga mweupe wa namna hiyo anaweza kuuchanganya na maji na kudondoshea ayodini ya kusafishia vidonda: ukigeuka bluu iliyoiva karibu na nyeusi, hapo pana wanga. Na kwenye kahawa ya kipakiti, lebo ikisomwa kwa utulivu, mara nyingi vinavyotangulia ni sukari na krimu. Kwa mwenye kisukari, huo ni mzaha mbaya.

Asili nayo haimaanishi usalama. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliandika kuhusu mwanamke wa miaka 72 aliyekuwa akila vijiko vya chai 4 hadi 5 vya unga wa uyoga uitwao chaga kila siku kwa miezi 6. Chaga ina oksaleti nyingi. Figo zake ziliharibika hadi akahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amweleze daktari wake kabla ya kuanza reishi. Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ya yule anayeweka metformini, dawa yake ya kisukari, kabatini kwa sababu sasa ana kahawa yake.

Anayetaka uyoga uwe sehemu ya kila siku aanzie kwenye sufuria. Uyoga wa mamama, ule unaolimwa kwenye mifuko ya pumba na majani makavu, una beta-glukani, protini na nyuzinyuzi, na hauhitaji wakala. Asiupandishe hadhi kupita kiasi: huko Marekani watu wenye VVU walipewa gramu 15 za mamama mkavu kwa siku kwa wiki 8, na mafuta yao ya damu hayakushuka. Ni chakula kizuri, basi.

Kuna jambo moja ambalo uyoga hulifanya kuliko mboga yoyote. Una ergosteroli, ambayo ikipigwa na jua hugeuka vitamini D. Ukatwe vipande, utandazwe kwenye ungo juani saa sita mchana, na ule uliobaki mzima ulazwe kichwa chini, vijikunjo vyake vitazame juu. Kuanzia dakika 15 hadi saa mbili, gramu 100 za uyoga mbichi kwa kawaida hupata mikrogramu 10 au zaidi, kiasi ambacho mtu mzima nchini Uingereza hushauriwa kupata kwa siku. Kwa karani anayeingia ofisini alfajiri na kutoka jua likiwa limezama, hiyo si haba. Kina mama wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania wamekuwa wakianika uyoga wa msimu wa mvua miaka yote, ili tu usioze.