Sukari Iliyomo Ndani ya Bukari

Tangu aambiwe kwamba ana ugonjwa wa sukari, mama yangu haweki tena sukari katika chai. Lakini bukari anakula kama zamani: "Bukari haina sukari," anasema. Siku moja nilimwomba atafune tonge polepole bila kumeza. Baada ya muda akashangaa: "Kumbe iko na sukari!"

Ndivyo ilivyo. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Kinywani, kimeng'enya cha mate kiitwacho amilasi huanza kuukata, na hapo hutokea maltosi, sukari yenye utamu. Tumboni, asidi huisimamisha kazi hiyo. Katika utumbo mwembamba, amilasi ya kongosho huiendeleza, kisha vimeng'enya vya ukuta wa utumbo huimaliza, na glukosi huingia katika damu. Insulini huisaidia kuingia katika misuli. Ikipungua au ikishindwa kazi, sukari hubaki katika damu.

Sisi wanafunzi wa lugha tuangalie jina hili, "ugonjwa wa sukari": linamfanya mgonjwa achunge kikombe na kusahau sahani. Tunapofasiri maneno ya daktari, tutaje na bukari.