Mji wa Lisbon na Dhahabu ya Kilwa

Nchi ya Ureno iko pembeni kabisa mwa Ulaya, upande wa magharibi, na mji wake mkuu ni Lisbon. Mji huo umejengwa juu ya vilima, kando ya mto mpana uitwao Tejo, karibu na mahali mto huo uingiapo katika bahari ya Atlantiki. Wakaao ndani ya mji wenyewe ni zaidi ya watu 500,000, na kila mwaka wageni wengi mno huja kuutazama, kununua vitu katika maduka yake, na kula vyakula vyake.

Mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki, ijapokuwa hajauona mji huo, hutumia maneno ya wenyeji wake kila siku. Meza anayolia, leso anayojifutia jasho, na bendera ipandishwayo shuleni, yote matatu ni majina yaliyotoka katika Kireno. Yaliachwa na Wareno, ambao walifika pwani hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1498, wakiongozwa na Vasco da Gama. Basi yafaa kuujua mji waliotoka.

Mgeni huanza matembezi yake katika Baixa, yaani mtaa wa bondeni, ulio kati ya vilima na kufika hata ukingo wa mto. Hapo huona jambo la ajabu. Katika mitaa ya kale ya vilimani njia ni nyembamba, zenye kupindapinda, na nguo zimeanikwa madirishani juu ya vichwa vya wapita njia. Lakini bondeni njia zote zimenyoka kana kwamba zimepigwa kwa rula. Sababu yake ni msiba mkubwa. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wengi walipokuwa makanisani, nchi ilitetemeka kwa nguvu na majumba yakaanguka. Waliokimbilia mtoni walikutwa na mawimbi makubwa yaliyopanda kutoka baharini, na moto uliowaka siku kadha wa kadha ukateketeza mengi yaliyosalia. Watu waliokufa walikuwa maelfu kwa maelfu.

Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliamuru bonde lote lijengwe upya kwa mpango mmoja. Ndani ya kuta mafundi walitia mbao zilizounganishwa mfano wa tundu la ndege, ili nyumba ikitikiswa iyumbe, isibomoke. Lakini kanisa la Carmo, lililo juu ya kilima, halikuezekwa tena. Nguzo zake na matao yake yamesimama wazi chini ya mbingu hata leo, kuwa ukumbusho wa siku ile.

Njia za Baixa zilipewa majina ya kazi: iko njia ya dhahabu, iko ya fedha, iko na ya washona viatu, maana mafundi wa kila kazi waliwekwa mahali pao. Siku hizi maduka ni ya kila namna, na fedha itumikayo ni yuro. Mlimani, katika mtaa wa Chiado, liko duka la vitabu la Bertrand, lililoanzishwa mwaka 1732. Nalo lahesabiwa kuwa la kale kuliko maduka yote ya vitabu duniani ambayo yangali wazi. Mgeni atakaye kitu cha nchi yenyewe hununua vitu vilivyotengenezwa kwa gamba la namna ya mwaloni, gamba lile jepesi litumikalo kuziba chupa. Ureno hutoa karibu nusu ya gamba hilo lote lipatikanalo duniani. Mti haukatwi, hubanduliwa gamba lake tu, kisha huachwa muda wa miaka 9 ulivae jingine.

Wengine hununua vigae vya rangi, ambavyo Wareno huviita azulejo. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, kwa sababu Waarabu na Waislamu wa Afrika ya Kaskazini waliutawala mji huo miaka mingi, mpaka uliponyang'anywa mwaka 1147. Vigae hivyo hupamba kuta za makanisa, za vituo vya reli, na za nyumba za watu wa kawaida. Kila Jumanne na kila Jumamosi huwa na gulio la vitu vya zamani, liitwalo Feira da Ladra, na vigae vikuukuu huuzwa huko pia. Hapo mnunuzi hana budi kuwa na busara, maana vigae vingine vya zamani vilibanduliwa na wezi katika kuta za nyumba za watu. Mwenye haki huuliza kwanza kitu kimetoka wapi. Asipopata jawabu la kweli, hununua vigae vipya kwa fundi.

Jua likifika utosini, harufu ya samaki hujaa katika njia. Chakula wakipendacho Wareno kupita vyote ni bacalhau, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, mfano wa ng'onda wa pwani. Ajabu ni kwamba samaki huyo havuliwi katika maji ya Ureno, bali hutoka katika bahari za baridi za kaskazini, kama vile karibu na Norway. Mpishi humroweka siku nzima au zaidi, akibadili maji mara kwa mara ili chumvi itoke, kisha humpika kwa viazi, mayai na mafuta ya zeituni. Mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Mtakatifu Antonio, watu huchoma dagaa wakubwa kwa makaa nje ya milango yao, na mtaa mzima hufuka moshi.

Mgeni aketipo katika nyumba ya chakula huletewa mkate, zeituni na jibini kabla hajaagiza kitu. Asidhani kwamba ni zawadi: akila, atalipa, asipotaka, arudishe kwa adabu, wala hapana atakayekasirika. Baada ya chakula hunywa kahawa nzito katika kikombe kidogo, pamoja na andazi dogo la maziwa na mayai, lililonyunyiziwa mdalasini. Maandazi hayo yamepikwa na kuuzwa katika mtaa wa Belém tangu mwaka 1837.

Mdalasini huo si mmea wa Ulaya. Wareno waliufuata katika nchi za mbali za mashariki, na safari zao zilianzia huko huko Belém, kwenye ukingo wa mto. Hapo upo mnara wa mawe uliojengwa kulinda mlango wa mji, na karibu yake nyumba kubwa ya watawa iitwayo Jerónimos, ambayo ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16. Mawe yake yamechongwa kamba za merikebu, maua na wanyama. Gharama ya kazi hiyo ililipwa kwa sehemu 1 katika 20 ya mapato ya biashara ya Afrika na ya mashariki. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa lake.

Kati ya Belém na Baixa iko nyumba ya makumbusho, Museu Nacional de Arte Antiga. Kitu kimoja kilichomo kinamhusu mtu wa pwani kuliko vyote. Ni monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, kilichofuliwa kwa dhahabu na kumalizika mwaka 1506. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, na kila mmoja uso wake ni mbali. Aliyekifua atajwa kuwa Gil Vicente. Maandiko yaliyo chini yake yasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kifuliwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Kilwa siku zile ilikuwa mji wa biashara uliojulikana mbali. Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Dhahabu iliyochimbwa katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe ilishuka mpaka Sofala, ikapita mikononi mwa wafanya biashara wa Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu nyingi, akatisha kuupiga mji kwa mizinga. Mtawala wake, Amir Ibrahim, akalazimika kukubali kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Hata hivyo amani haikudumu. Mwaka 1505 merikebu nyingine zilifika, zikiongozwa na Francisco de Almeida. Kilwa ikatwaliwa na kutekwa mali yake, kisha Mombasa nayo ikatekwa na kuchomwa moto.

Basi monstransi ile ina mambo mawili ndani yake, wala moja halifuti la pili. Kazi ya fundi ni nzuri kweli, na hapana mwenye macho atakayekana. Lakini dhahabu yenyewe haikununuliwa wala haikutolewa kwa hiari. Ilitolewa kwa kuogopa mizinga. Wachimbaji walioitoa ardhini hawakuandikwa majina yao popote, bali jina la mfalme limeandikwa.

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, macho huona yote yaliyo mbele yao, lakini hayaulizi. Mgeni atazamaye tu atarudi kwao na habari za vigae, samaki na kahawa, nazo ni habari njema. Aulizaye kila kitu kilitoka wapi, na ni nani aliyelipa gharama yake, atarudi na elimu. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani magofu ya msikiti mkuu na ya jumba la kifalme yangali yamesimama hata leo, na watoto wa Tanzania waweza kwenda kuyaona. Mtu aliyeyaona magofu hayo, kisha akaiona monstransi ya Lisbon, ameziona nusu mbili za habari moja.