Sura ya Sita: Kumgeuza Msomaji kwa Kiingereza cha Mtihani

Swali la uandishi wa kushawishi huja kwa sura nyingi: hotuba, barua kwa mhariri, insha ya kuunga mkono au kupinga hoja. Kiini chake ni kimoja. Kuna mtu ambaye bado hajakubaliana nawe, na una ukurasa mmoja au miwili ya kumgeuza. Watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne humsahau mtu huyo. Huanza na sentensi waliyoikariri kwenye midahalo ya shule, “I am standing here to propose the motion”, kisha humwaga msamiati mgumu wakidhani ugumu ndio ushawishi. Anayeshawishi kweli huanzia kwenye jambo ambalo msomaji amekwisha kulikubali, kisha humvuta hatua kwa hatua hadi kwenye lile asilolikubali.

Somo kutoka Mlima Meru

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata mwakilishi wao Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao katika Umoja wa Mataifa.

Machungu ya kusimulia yalikuwepo tele. Lakini nguvu ya kesi ilikaa mahali pengine: Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Uingereza ilikuwa imekubali mbele ya Umoja huohuo kulinda haki na maslahi ya wenyeji katika ardhi. Kwa hiyo wajumbe wa Umoja wa Mataifa hawakuombwa huruma tu. Waliombwa kusimamia ahadi waliyoipokea wenyewe. Kura za Baraza Kuu hazikufika theluthi mbili zilizohitajika, na ardhi haikurudi wakati ule. Hata hivyo, shauri la vijiji vya Meru lilikuwa limejadiliwa na mataifa, na Uingereza ililazimika kujieleza hadharani.

Hebu tulijaribu somo hilo Usa River

Barabara kuu ya Arusha–Moshi inapita katikati ya Usa River. Tuseme swali linakutaka uandike barua kuomba matuta na kivuko cha pundamilia mbele ya shule. Utamwandikia nani? Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS. Za wilaya na mitaa zinasimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Ukimwandikia mwenyekiti wa kijiji, hata Kiingereza kikiwa safi kiasi gani, umemwomba asiye na uwezo wa kukupa.

Meneja wa TANROADS wa mkoa, kwa upande wake, tayari anakubali kwamba barabara inapaswa kuwa salama kwa wanaoitumia. Anzia hapo. Kisha mpe ushahidi. Linganisha sentensi hizi mbili:

“The road is very dangerous and many people suffer.”

“Every morning, children as young as seven stand at the edge of this road, waiting for a gap between the lorries.”

Ya kwanza inatoa hukumu na kumtaka msomaji aiamini. Ya pili inamwonyesha jambo, na hukumu anaitoa mwenyewe. Mama anayeuza parachichi katika soko la Tengeru haishii kulisifu. Hukukatia kipande uonje.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita mwanafalsafa Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi: kuaminika kwa msemaji, hisia za msikilizaji na hoja yenyewe. Sentensi ya pili inabeba zote tatu kwa pamoja: aliyeiandika anaonekana amefika pale, watoto wanagusa moyo, na hatari inaonekana bila kutajwa.

Mpe mpinzani nafasi

Hapa ndipo insha nyingi hupwaya. Mwandishi huogopa kumtaja mpinzani, kana kwamba kumtaja ni kumsaidia. Lakini msomaji anayo pingamizi kichwani, utake usitake. Itaje kwa haki, kubali sehemu iliyo kweli, halafu ijibu:

“Some drivers will say that humps cause delays. That is true, but a delay of one minute is a small price for a safe crossing.”

Maneno ya kuunganisha kama although, however na even so yanafanya kazi hii. Usiyapachike kama mapambo. Kila moja liwe na pingamizi linalojibiwa.

Mbinu nyingine zitumie kwa kipimo. Swali lisilohitaji jibu linatosha moja. Kurudia neno mara tatu kunafaa kwenye hotuba, ila barua rasmi huishusha hadhi.

Zoezi

Chagua hoja: shule za kutwa zijenge mabweni. Kabla ya kuandika sentensi yoyote ya Kiingereza, jibu kwa Kiswahili: namwandikia nani, amekwisha kukubali nini, atapinga nini, na ninamwomba afanye jambo gani moja? Ukishindwa kujibu swali mojawapo, usianze kuandika.