KUPONA KANSA, KULINDA MOYO: FUNZO KUTOKA MULAGO

Safari hii tunavuka mpaka hadi Uganda, kwenye kilima cha Mulago mjini Kampala. Hapo ndipo ilipoanzishwa Taasisi ya Kansa ya Uganda mwaka 1967, ikiwatibu watoto wenye kansa ya taya ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958. Watoto wengi walipona kwa dawa tu, bila kisu. Mwaka 1988, papo hapo Mulago, ikaanza Taasisi ya Moyo.

Mtu atauliza: kansa na moyo vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa, nasi wafanyakazi yatupasa tuujue.

Ipo dawa ya kansa yenye rangi nyekundu, doksorubisini. Inatibu kansa ya matiti na nyingine nyingi, na imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini inaweza kudhoofisha misuli ya moyo. Kwa sababu hiyo madaktari huhesabu jumla ya dawa aliyopewa mgonjwa maisha yake yote, wasivuke kiasi cha miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya mwili. Mionzi inayopigwa kifuani, hasa upande wa kushoto, nayo huweza kuudhuru moyo. Madhara hayo pengine huonekana mapema, pengine baada ya miaka kumi au zaidi, wakati mtu amekwisha kusahau kuwa aliwahi kuugua.

Basi tumfikirie mchuma chai aliyepona kansa ya titi. Amerudi shambani, watu wamefurahi. Baada ya muda anapanda mteremko na kapu mgongoni, pumzi zinamwishia. Jioni miguu imevimba. Usiku hawezi kulala chali. Ngwe haimalizi, na mnyapara anamwita mvivu. Huyo si mvivu. Huyo anahitaji daktari wa moyo, na anamhitaji upesi.

Dalili hizo zisipuuzwe. Kipo kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, wala hakiumi. Hufaa kupimwa kabla ya kuanza dawa hizo na baadaye pia. Udhaifu ukigunduliwa mapema, zipo dawa za kuusaidia moyo.

Tunawaomba wenzetu wanaotibiwa: msikimbie dawa ya kansa kwa hofu ya moyo, kwa maana kansa isiyotibiwa huua. Ulizeni daktari. Tunzeni kadi za matibabu, na kila mwendapo zahanati semeni mlipewa dawa gani. Pimeni presha na sukari. Acheni sigara, punguzeni chumvi, tembeeni kadiri daktari anavyoshauri.

Kwa viongozi wa matawi ipo kazi. Mwanachama akitoka hospitali, asiachwe peke yake mbele ya meneja. Tudai katika mikataba yetu kazi nyepesi kwa anayepata nafuu, na ruhusa yenye malipo ya kwenda kupima, hata miaka mingi baada ya kupona. Mfanyakazi aliyeshinda kansa asije akaangushwa na ngwe ya chai.