Namba ya ofisi isiyo na simu mezani: mpigaji afikishwe wapi?

SI kila namba ya ndani ya ofisi lazima iwe na simu yake mezani. Namba inaweza kuendelea kutumika, ikachapishwa kwenye barua na mabango, huku mwenye nayo akipokea simu zake kwa simu ya mkononi. Hata hivyo, namba ya aina hiyo isipopangwa vizuri, mpigaji huachwa hewani bila mtu yeyote ofisini kujua.

Kwa mji kama Morogoro, hilo si jambo dogo. Mfugaji wa mbuzi wa maziwa katika tarafa ya Mgeta, juu katika Milima ya Uluguru, anapopiga simu ofisini kumtafuta ofisa mifugo, huenda ofisa huyo yuko njiani akipanda milima hiyohiyo. Simu ikipotea, mnyama anaweza kufa kabla ya ushauri kufika.

Katika mitambo ya zamani, namba ya ndani ilifungwa na waya. Kila namba ilikuwa na tundu lake kwenye mtambo, na waya ulikwenda hadi mezani. Mtumishi aliyetaka simu zake zihamishwe alibonyeza tarakimu maalumu katika simu yake. Pasipokuwa na simu, hapakuwa na pa kubonyeza.

Mitambo inayotumia njia ya intaneti imebadili hali hiyo. Mfano ni Asterisk, programu iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, ambayo hupatikana bila malipo na huifanya kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi. Humo, namba ya ndani ni maelekezo tu yaliyoandikwa katika kompyuta, na inaweza kuwepo bila simu yoyote.

Hapo ndipo wengi hukosea. Simu huweza kuhamishwa kwa masharti matatu yaliyozoeleka: zote moja kwa moja, laini inapokuwa inatumika, au simu isipopokewa baada ya sekunde kadhaa. Anayechagua sharti la tatu kwa namba isiyo na simu hujidanganya. Simu isiyokuwepo haiwezi kuita, na isiyoita haiwezi kuhesabiwa kuwa haikupokewa. Mtambo huiona kuwa haipatikani, na hiyo ni hali ya nne yenye agizo lake. Agizo hilo lisipowekwa, mpigaji hukatiwa, au hupelekwa kwenye kisanduku cha ujumbe ambacho hakuna anayekifungua.

Dawa yake ni kuagiza simu zote zihamishwe bila sharti, au kuweka agizo la hali ya kutopatikana. Kazi hiyo hufanywa na msimamizi ndani ya mtambo wenyewe.

Suala la pili ni gharama. Simu inayohamishiwa nje hutumia laini mbili, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka. Ofisi yenye laini mbili tu za mezani hujikuta imezimaliza kwa mpigaji mmoja. Aidha, safari ya pili ya simu hiyo hulipiwa na ofisi.

Tatu ni milima yenyewe. Ofisa akiingia bondeni kusiko na mawimbi, kisanduku cha sauti cha simu yake kinaweza kupokea badala yake, na mtambo ukadhani mtu amepatikana. Mbaya zaidi ni pale simu ya mkononi nayo inapokuwa imeagizwa kurudisha simu ofisini, kwani pande mbili hizo zinaweza kurushiana mpigaji hadi laini zijae. Ni vema mpokeaji atakiwe kubonyeza tarakimu kukubali simu, la sivyo irudi kwa opereta.

Nne ni usalama. Namba isiyo na simu haihitaji kuruhusiwa kusajiliwa na chombo chochote. Ikiachiwa neno la siri jepesi, wezi wa mtandaoni wanaweza kuitumia kupiga simu za nje ya nchi, na ofisi ikagundua ankara inapofika.

Pamoja na tahadhari hizo, faida ni kubwa, hasa kwa taasisi zenye majengo yaliyo mbalimbali. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina kampasi kuu mjini Morogoro na ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu. Katika mazingira kama hayo, namba inaweza kuwa mali ya kazi badala ya meza. Mtumishi akihamishwa, namba hubaki na mahali inapoelekezwa hubadilishwa.

Ndiyo maana orodha ya namba hizo inapaswa kupitiwa kila mtumishi anapoondoka, na kila namba ijaribiwe kwa kupigwa kutoka nje ya ofisi. Jaribio la ndani pekee halitoshi, kwa kuwa mwananchi hapigi kutoka ndani.